Tunalipa Goli, Hatulipi Akili

Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza zawadi ya shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wangefunga katika michuano ya Afrika. Wananchi wakaipa jina la Goli la Mama, na jina likapendwa kuliko hata magoli yenyewe. Sina ugomvi na ukarimu. Nina ugomvi na somo ambalo ukarimu ule uliwafundisha watu wazima na watoto wa nchi hii, kwamba mpira ni kitendo cha mwisho. Mguu ulioupeleka mpira wavuni ulitajwa kila mahali. Pasi tatu zilizotangulia hazikutajwa, wala mwalimu aliyekaa na wachezaji wiki nzima akiwaonyesha mahali ambapo beki wa Al Hilal au wa Raja huacha mwanya.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Timu hushinda kwa mambo mawili yanayotegemeana: kocha mwenye fikra mpya, na mchezaji mwenye uwezo wa kuibeba fikra hiyo kichwani na kuitekeleza dakika ambayo kocha amebaki nje ya mstari, hana la kufanya ila kupiga kelele. Nje ya mambo hayo mawili, fedha hununua kishindo cha siku ya usajili tu. Nasi tumejenga mfumo wa michezo, kuanzia shule ya msingi hadi timu ya taifa, unaoyadharau yote mawili.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu mbali huko jambo hili linaonekana bila ushabiki wa Jangwani na Msimbazi kutuziba macho. Katika futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kuna mchezaji anayeitwa kwotabeki. Karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Ana sekunde chache za kusoma ulinzi wa wapinzani na kuamua mpira uende kwa nani. Mwaka 1970 kocha mmoja msaidizi wa Cincinnati, Bill Walsh, alijikuta na kwotabeki ambaye mkono wake haukuwa na nguvu za kurusha mbali, ingawa alikuwa na shabaha ya karibu. Kocha wa kawaida angelilia uongozi usajili mpya. Walsh alibuni mchezo mpya wa pasi fupi, za haraka, zinazoutanua uwanja kwa upana badala ya urefu. Udhaifu wa mchezaji ukawa mwanzo wa falsafa.

Mwaka 1979 Walsh alikabidhiwa timu ya San Francisco, na mwaka huo huo akamchukua kijana Joe Montana, mchezaji wa 82 katika mgawo wa vipaji wa nchi nzima. Maana yake ni kwamba kabla yake walikuwa wamekwisha kuchaguliwa vijana 81. Msimu wa kwanza timu ilishinda michezo 2 na kupoteza 14. Msimu wa pili ilishinda 6 na kupoteza 10. Msimu wa tatu, ule wa 1981, ikawa bingwa wa Marekani, na chini ya Walsh ikatwaa ubingwa mara tatu.

Sasa nakuomba, ndugu msomaji, umweke Walsh Kariakoo. Ushindi 2, vipigo 14. Angefika vipigo vinne?

Somo la Mayele

Wapo watakaosema hayo ni ya Wamarekani. Basi turudi nyumbani, ambako ushahidi ni mwingi.

Msimu wa 2022/23 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Fiston Mayele alikuwa mfungaji bora wa michuano ile kwa mabao 7. Kisha Mayele akauzwa Misri, na kocha Nasreddine Nabi naye akaondoka. Nakumbuka msiba uliotanda vijiweni. Yanga imekwisha, walisema, kwa kuwa mfungaji amekwenda.

Akaja Miguel Gamondi, Muajentina. Hakuwa na Mayele mwingine wala hakumtafuta. Alibadilisha chanzo cha mabao. Alijaza eneo la nyuma ya mshambuliaji kwa viungo watatu wanaobadilishana nafasi, Stephane Aziz Ki, Pacôme Zouzoua na Maxi Nzengeli, mabeki wa wapinzani wakabaki hawajui wamkabe nani. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa 5-1, na mabao manne kati ya yale matano yalifungwa na viungo hao. Mwisho wa msimu Aziz Ki alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, na aliyemfuata kwa mabao 19 alikuwa kiungo mwingine, Feisal Salum wa Azam. Msimu uliofuata mfungaji bora alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16, naye kiungo.

Tafakari hapo. Kwa misimu miwili mfululizo kiatu cha dhahabu kilikwenda kwa watu wa katikati, huku mashabiki na viongozi wakiendelea kulilia «namba tisa» katika kila dirisha la usajili. Mpira ulikwisha kubadilika mbele ya macho yetu. Mazungumzo yetu yalibaki palepale.

Wazee wetu walilielewa jambo hili kutuzidi. Miaka ya sabini, Sunday Manara alipokuwa akitandaza mpira Yanga kabla ya kwenda kucheza Heracles ya Uholanzi, mashabiki hawakumwita Bunduki wala Radi. Walimwita Kompyuta. Nchi ambayo watu wengi hawakuwa wamewahi kuiona mashine hiyo kwa macho ilitambua kwamba mchezaji yule anacheza kwa kukokotoa.

Kocha kama mbuzi wa kafara

Fikra ya kocha ni kama mbegu. Ina majira yake. Nabi alikuja Yanga Aprili 2021. Septemba mwaka huo timu ilitolewa na Rivers United ya Nigeria, ikifungwa 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Kwa desturi zetu alistahili kupakia mizigo. Uongozi ukamwacha, na msimu huo Yanga ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo. Oktoba 2022 ikatolewa tena Ligi ya Mabingwa, safari hii na Al Hilal ya Sudan. Ukamwacha tena, na ndipo ikaja fainali ile ya Afrika. Fainali ya 2023 ilizaliwa siku viongozi walipokataa kusikiliza kelele za 2021 na 2022.

Sasa tazama klabu hiyohiyo ilivyojisahau. Novemba 2024 Gamondi, mwenye ubingwa wa ligi na kombe la shirikisho la nyumbani, aliyeifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu, alifukuzwa baada ya kupoteza michezo miwili mfululizo ya ligi. Baada yake wakaja Sead Ramovic, Miloud Hamdi, Romain Folz na Pedro Gonçalves. Makocha wanne ndani ya mwaka mmoja.

Simba nayo haina la kujivunia hapa. Patrick Aussems aliifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019, katika kundi ambalo walifungwa 5-0 na AS Vita na 5-0 na Al Ahly ugenini. Hawakumfukuza baada ya vipigo vile, na malipo ya subira yalikuwa bao la Clatous Chama dhidi ya Vita Machi 2019, lililowavusha Wekundu wa Msimbazi. Novemba mwaka huo huo, akiwa bingwa wa Tanzania, Aussems akaondolewa. Kati yake na Fadlu Davids aliyekuja Julai 2024 walipita Vandenbroeck, Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Benchikha. Wengine walifukuzwa, wengine waliondoka wenyewe. Mchezaji aliyekaa miaka hiyo yote alifundishwa lugha sita tofauti za mpira, na kila mara akaambiwa asahau ile ya kwanza.

Na katikati ya orodha hiyo kuna jina ambalo huandikwa kwa kalamu ya risasi ili lifutwe kirahisi: Juma Mgunda. Septemba 2022 aliitwa kuzima moto, akaiingiza Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa mwingine. Aprili 2024 moto ukawaka tena, akaitwa tena. Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, aliichukua Taifa Stars katikati ya AFCON nchini Ivory Coast Januari 2024 baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Akaifuzisha AFCON 2025 kwa kuifunga Guinea, akaifikisha robo fainali ya CHAN Agosti 2025. Wiki chache kabla ya fainali zile alizozitafuta mwenyewe, TFF ikaachana naye.

Simtukani Gamondi, aliyepewa nafasi ile. Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa sare mbili, kabla ya kutolewa 1-0 na wenyeji Morocco. Lakini mafanikio yale yanathibitisha hoja yangu. Gamondi alikuwa ameishi na ligi yetu tangu 2023, anawajua wachezaji kwa majina na kwa tabia, na alipokea kikosi ambacho mwenzake alikuwa amekifinyanga kwa karibu miaka miwili. Ninachouliza ni kwa nini kocha mzalendo huaminiwa siku nyumba inapoungua tu, na hunyang'anywa ufunguo siku ya kuhamia nyumba mpya. Ubunifu haukui kwa mtu anayejua kwamba yupo kwa muda. Mtu wa muda hachezi kamari na fikra mpya. Hulinda alichokikuta, apite salama.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanaijua hali hii bila kuelezwa. Ni ofisi ngapi ambazo kila mkuu mpya hufuta mpango wa aliyemtangulia, na «kaimu» hukaa kwenye kiti miaka miwili akiogopa kusaini? Uwanja wa mpira ni utawala wetu uliovaa jezi.

Mtoto wa Rungwa anapitia wapi?

Ninaandika haya nikiwa Rungwa, ukanda nilikokulia. Wengi nchini wanalijua jina hili kwa sababu ya Pori la Akiba, simba na tembo wake. Wachache wanajua kwamba ni kijiji cha njia panda katika Halmashauri ya Itigi, ambapo barabara ya Itigi inakutana na ile inayotoka Tabora kwenda Chunya na Mbeya. Barabara ya kutoka Mkiwa kupitia Itigi na Rungwa hadi Makongolosi ina zaidi ya kilomita 400, na tumeisubiri lami yake kwa kizazi kizima. Hapa kuna asali, kuna vumbi, na kuna ubishi wa Simba na Yanga usiolala.

Mkoa wetu wa Singida una klabu ya Ligi Kuu. Singida Black Stars, iliyozaliwa kutokana na Ihefu ya Mbeya na kupewa jina jipya mwaka 2024, ilitwaa Kombe la Kagame Septemba 2025 chini ya Gamondi huyuhuyu aliyefukuzwa Jangwani. Katikati ya uwanja ilikuwa imewasajili Chama wa Zambia na Khalid Aucho wa Uganda. Nawapongeza. Fedha ni zao, na waliitumia mahali sahihi: walinunua kocha na ubongo wa katikati, wakapata kombe. Lakini swali langu ni la sera. Kama akili ya katikati inaweza kununuliwa Zambia na Uganda, ni chombo gani cha umma kinachoizalisha Rungwa?

Nimetazama mazoezi ya kuchagua timu ya UMITASHUMTA katika shule moja ya ukanda huu. Mwalimu wa michezo, ambaye kwa kweli ni mwalimu wa Hisabati aliyekabidhiwa filimbi, alikuwa na mpira mmoja na watoto zaidi ya arobaini. Aliwapanga kwa urefu, akawakimbiza, akachukua waliofika kwanza. Kulikuwa na kijana mmoja mfupi, mwembamba, ambaye kila mara alitazama nyuma ya bega kabla mpira haujamfikia. Kwa mtu anayeujua mchezo, kutazama huko ni sawa na mtoto kusoma sentensi nzima wakati wenzake wanakokoteza herufi. Hakuchaguliwa, maana mbio zake zilikuwa za kawaida.

Simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumfundisha cha kutazama. Anapimwa kwa makombe yanayorudi shuleni, na katika umri wa miaka 12 kombe huletwa na watoto warefu wenye kasi. Wenzao watawafikia kimo wakifika miaka 18, na hapo tutashangaa kwa nini vijana wetu wana mapafu lakini hawaioni pasi. Mfumo unachuja akili mapema, kisha unatoa machozi ya mamilioni kwenye dirisha la usajili kuitafuta akili hiyohiyo nje ya mipaka.

Majibu kwa wapinzani

Wapo watakaosema kwamba bila fedha hakuna kocha wala kiungo mchezeshaji. Ni kweli, lakini ukweli huo hauelezi tofauti ya matokeo ndani ya klabu yenye fedha zilezile. Mfadhili wa Yanga hakubadilika kati ya Nabi na makocha wanne wa mwaka mmoja. Kilichobadilika ni subira.

Watasema pia kwamba Yanga ilibadilisha makocha msimu wa 2024/25 na bado ikawa bingwa. Naam, hapa nyumbani, ambapo pengo la fedha kati yake na timu kumi na nne ni kama pengo la lori na baiskeli, hata dereva wa muda hufika. Lakini Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako wapinzani nao wana malori, Yanga haikuvuka makundi msimu huo. Simba iliyomwachia Fadlu msimu mzima ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Mei 2025. Ilipoteza mbele ya RS Berkane, lakini ilifika.

Wapo, hatimaye, watakaosema kipaji ni cha kuzaliwa. Kuona mbali huenda ni cha kuzaliwa. Kujua uone nini, lini, na ufanye nini baada ya kuona, hayo hufundishwa. Montana wa 82 hakuzaliwa na mchezo wa Walsh kichwani.

Tunachopaswa kudai

Tumepewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa, na saruji yake inaonekana kwenye picha. Tulifuzu AFCON mwaka 1980, tukasubiri miaka 39 kurudi mwaka 2019. Tukijenga majukwaa peke yake, tutakuwa wenyeji wazuri wa sherehe za wengine.

Kwanza, kama Serikali itaendelea kulipa goli, basi kila shilingi inayolipwa kwa goli iambatane na shilingi nyingine inayokwenda kwa mafunzo ya walimu wa michezo wa shule za msingi. Chuo cha Michezo Malya kipo. Leseni za makocha za CAF zina madaraja yanayoeleweka. Kata kama Rungwa iwe na angalau mwalimu mmoja mwenye daraja la chini kabisa la leseni hizo, na idadi yao isomwe bungeni kama inavyosomwa idadi ya madarasa.

Pili, UMITASHUMTA na UMISSETA viache kupimwa kwa makombe. Maofisa wa michezo wa wilaya wapewe vigezo vya kuandika: nani anatazama kabla ya kupokea, nani anacheza mguso mmoja, nani anamwelekeza mwenzake. Karatasi hiyo ni ya ukurasa mmoja na haihitaji mkopo wa nje.

Tatu, TFF na klabu zetu zikubali utaratibu wa kuachana na kocha kwa ripoti ya kiufundi iliyoandikwa na kutolewa kwa wanachama, ikieleza kipi kilipangwa na kipi kilishindikana. Klabu zinazojiita za wananchi hazina haki ya kuwaficha wananchi sababu. Na kocha mzalendo akipewa timu, apewe na maandalizi ya msimu, wachezaji aliowachagua mwenyewe, na mkataba usio na neno «kaimu».

Wanafunzi wangu hunijibu mara nyingi kwamba mpira ni burudani, tushughulike na mambo mazito. Nawauliza ni jambo gani jingine la umma ambalo Watanzania hulijadili kila siku, kwa takwimu, kuanzia mwendesha bodaboda hadi waziri. Kama hata hapo, tunapojali kwa dhati, tumeshindwa kuithamini fikra kabla ya matokeo, msitarajie tuithamini katika kilimo au elimu, ambako matokeo huchukua miaka kumi kuonekana.

Kijana yule mfupi ana miaka 12. Atakuwa na miaka 14 AFCON itakapofunguliwa kwetu, na miaka 20 wakati tutakapokuwa tunabishana tena nani asajiliwe katikati. Kati ya leo na siku hiyo, mtu mmoja aliyefundishwa anapaswa kumwona. Mtu huyo hayupo kwenye bajeti ya mwaka huu. Naomba kila ofisa anayesoma makala haya na mwenye kalamu katika bajeti ijayo, aandike jina la cheo chake, na kiasi cha fedha mbele yake.